Kiongozi wa zamani wa soka akiwa mchambuzi wa televisheni: Neno lake lina uzito gani kwa mwenye mtaji?

Na Mwandishi Wetu, Makongolosi

MNUNUZI wa dhahabu wa Makongolosi hakubali neno la muuzaji peke yake. Mzigo huwekwa kwenye mizani, ubora wake hupimwa, kisha ndipo bei huzungumzwa. Lakini jioni mnunuzi huyohuyo akikaa mbele ya televisheni na kumsikia aliyekuwa kiongozi wa klabu akisema kwamba timu fulani "ina fedha", au kwamba mchezaji fulani "ameshauzwa", hulichukua neno hilo kama lilivyo. Wengine huenda mbali zaidi, wakaweka fedha juu yake.

Katika miaka ya karibuni wachambuzi wa soka wamekuwa wengi katika televisheni na redio zetu. Wapo waliokuwa wachezaji, wapo waandishi wa habari, na wapo waliowahi kushika ofisi za klabu na za shirikisho: makatibu, wenyeviti, watendaji wakuu na wasemaji. Wiki hii tunalitazama kundi hili la mwisho, na tunajaribu kueleza neno lao lipimweje na mtu ambaye fedha yake inaweza kupotea kwa kulifuata.

Kwa nini ni jambo la soko

Kuna watakaosema kwamba habari hizi ni za ukurasa wa michezo. Sivyo. Soka ya Tanzania sasa ni biashara kubwa. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) lilitia saini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wa haki za kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya Sh. bilioni 225.6. Mwaka 2022 klabu ya Simba ilitangaza mkataba wa miaka mitano na kampuni ya kubashiri ya M-Bet wenye thamani ya zaidi ya Sh. bilioni 26. Fedha za namna hii hazibaki Dar es Salaam peke yake. Zinafuatwa na biashara ndogo ndogo hadi vijijini: jezi, vibanda umiza, mikeka, usafiri wa mashabiki, vinywaji na chakula.

Wilaya ya Chunya inalifahamu jambo hili kwa karibu. Timu ya KenGold, yenye asili yake katika wilaya hii ya dhahabu, ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2024/25 na ikashuka mwishoni mwa msimu huohuo. Ligi Kuu ina timu 16, kwa hiyo kila timu hucheza mechi 15 nyumbani. Nyumbani kwa KenGold palikuwa Uwanja wa Sokoine jijini Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka Makongolosi. Mfanyabiashara aliyesikia kwamba "wilaya imepata timu ya Ligi Kuu" akanunua jezi za misimu miwili alikuwa na mambo matatu ya kujiuliza kabla ya kutoa fedha: mechi zitachezwa wapi, timu itabaki ligini kwa muda gani, na anayemwambia habari hizo anazijuaje.

Mfano mwingine uko Mbarali. Timu ya Ihefu ilikuwa ikicheza Ubaruku, na siku za mechi kubwa wenyeji walipata wateja ambao hawakuwahi kuwaona kabla. Mwaka 2024 timu hiyo ilihamia Singida na baadaye ikaitwa Singida Black Stars. Haikushuka daraja. Ilihama tu, na soko likahama nayo. Habari ya namna hii mchezaji wa zamani hawezi kuiona kwa kutazama mpira uwanjani. Mtu aliyewahi kukaa ofisi ya klabu angeweza kuiona, kwa kuwa anajua nafasi ya ligi inamilikiwa na nani na nani mwenye kalamu ya kuihamisha.

Anachokijua na asichokijua

Hapo ndipo ilipo thamani halisi ya kiongozi wa zamani. Anajua mambo ya ofisini. Anajua mkataba wa mchezaji unaandikwaje, fedha ya usajili inalipwa kwa awamu ngapi, mdhamini anadai nini, na mishahara hucheleweshwa kwa sababu zipi.

Tuchukue habari ya Emmanuel Okwi. Mwaka 2013 Simba ilimuuza mshambuliaji huyo wa Uganda kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa Dola za Marekani 300,000. Shabiki aliyesikia kiasi hicho alidhani klabu imepata fedha siku hiyo. Ukweli ni kwamba malipo yalichelewa kwa miaka na shauri likafikishwa FIFA. Mfanyabiashara aliyewahi kuuza mali kwa mkopo anaelewa mara moja: bei iliyotangazwa ni kitu kimoja, fedha iliyoingia benki ni kitu kingine. Ismail Aden Rage, aliyekuwa mwenyekiti wa Simba tangu 2010 hadi 2014 na kabla ya hapo katibu mkuu wa Chama cha Soka (FAT), ni miongoni mwa viongozi wa zamani ambao vyombo vya habari huwatafuta maoni juu ya mambo ya klabu. Mtu mwenye historia ya namna hiyo akieleza mauzo ya mchezaji yanavyokwenda, anaeleza kazi aliyoifanya.

Lakini mtu huyohuyo akiulizwa kwa nini beki wa kushoto anapanda sana, au timu icheze na viungo wawili au watatu, hana sifa inayomzidi shabiki mzoefu. Kuongoza ofisi hakumfundishi mtu mbinu za uwanjani, kama vile kumiliki karasha kusivyomfundisha mtu kusoma mwamba. Na akiulizwa nani atashinda Jumamosi, hapo ndipo anapokuwa sawa na sisi sote.

Kwa hiyo kauli za mchambuzi wa aina hii zigawanywe katika mafungu matatu: za ofisini, za uwanjani na za utabiri. Za kwanza zina uzito. Za pili zina uzito mdogo. Za tatu hazina uzito wowote unaotokana na cheo alichokuwa nacho. Kosa la wasikilizaji wengi ni kuchukua heshima ya fungu la kwanza na kuihamishia kwenye fungu la tatu.

Mlango unaofunguka pande mbili

Kuna jambo la pili la kuangalia, nalo ni njia ya kuingia na kutoka. Katika soka yetu mlango kati ya studio na ofisi ya klabu hufunguka pande zote mbili. Jerry Muro alitoka utangazaji wa televisheni akawa msemaji wa Yanga, na baadaye akateuliwa mkuu wa wilaya. Ahmed Ally alitoka Azam TV akaenda kuongoza habari na mawasiliano ya Simba mwaka 2022. Mwaka huohuo Ally Kamwe alitoka kwenye uchambuzi akawa ofisa habari wa Yanga. Haji Manara aliisemea Simba kwa miaka kadhaa hadi 2021, kisha mwaka huohuo akaanza kuisemea Yanga. Senzo Mbatha alikuwa mtendaji mkuu wa Simba, na mwaka 2020 akahamia Yanga.

Hakuna kosa lolote katika hayo. Kila mtu anayo haki ya kutafuta ajira bora, na msemaji wa klabu analipwa ili aisemee klabu, kama wakili anavyolipwa kumsemea mteja. Jambo la kujifunza ni jingine. Ikiwa mtu anaweza kuwa ofisini leo na studio kesho, basi anapokuwa studio kuna mambo mawili yanayomvuta: kazi aliyoiacha na kazi anayoitarajia. Aliyeondoka vibaya anaweza kuwa na kinyongo. Anayetaka kurudi anaweza kuwa na ulimi mtamu. Anayekusudia kugombea uongozi katika uchaguzi ujao anaweza kuwa anapiga kampeni huku mtangazaji akimwita mchambuzi.

Aidha kuna madeni na kamisheni. Kiongozi wa zamani anaweza kuwa anaidai klabu fedha alizoikopesha, au anasimamia wachezaji. Akimsifia kijana wa timu ya daraja la kwanza kwamba anafaa kwenda Simba au Yanga, huenda anasema kweli tupu, na huenda pia ana fungu lake katika mauzo hayo. Mtazamaji hawezi kujua, kwa kuwa hakuna anayemtaka aseme.

Na studio nayo ina mwenyewe

Maslahi hayako kwa mchambuzi peke yake. Azam Media, yenye haki za kuonyesha ligi, na Azam FC, inayocheza katika ligi hiyo, zote ni za kundi la makampuni la Bakhresa. Kampuni za kubashiri zinadhamini klabu, na pia zinatangaza katika vyombo vya habari vinavyochambua klabu hizo. Kusema hivyo si kusema kwamba kuna upendeleo. Ni kusema kwamba mwenye duka la jumla akikushauri bidhaa gani itatoka haraka, utamsikiliza, lakini hutasahau kwamba ghala ni lake.

Kituo kilichonunua haki kwa mabilioni hakina faida ya kumweka mtu mezani aseme kwamba mechi ya leo haina maana, au kwamba ubingwa umekwisha amuliwa. Mtu wa namna hiyo atakuwa mkweli, lakini hataitwa tena wiki ijayo. Kwa hiyo hata mchambuzi asiye na maslahi yoyote katika klabu ana maslahi katika kuendelea kuitwa, na wanaoitwa zaidi ni wale wenye maneno makali na uhakika mwingi.

Somo kutoka soko la hisa

Wasomaji wetu wanaofuatilia hisa watakumbuka kwamba tatizo hili si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachambuzi wa benki za Wall Street walikuwa wakisifia hisa za kampuni za intaneti katika televisheni, huku benki zao zikipata ada kutoka kwa kampuni hizohizo. Barua zao za ndani zilipofichuliwa, ilionekana kwamba Henry Blodget wa Merrill Lynch alikuwa akizidharau faraghani hisa alizozipendekeza hadharani. Mwaka 2003 alilipa Dola milioni 4 na akapigwa marufuku ya maisha katika biashara ya hisa. Mwaka huohuo benki kubwa 10 zilikubali kulipa jumla ya Dola bilioni 1.4. Tangu hapo mchambuzi wa hisa nchini Marekani hutakiwa aseme kama ana hisa za kampuni anayoizungumzia.

Hapa kwetu, Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 iliunda mamlaka (CMSA) yenye kutoa leseni kwa washauri wa uwekezaji. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, na kampuni iliyoorodheshwa humo hutakiwa kutangaza hesabu zake zilizokaguliwa. Anayetaka kufanya kazi ya kukushauri ununue hisa gani lazima awe na kibali. Anayekwambia kwenye televisheni kwamba klabu fulani ina thamani ya mabilioni kadhaa hahitaji kibali chochote.

Na siku inaweza kufika ambapo maneno hayo mawili yatakutana. Simba ilianza mabadiliko ya kuwa kampuni mwaka 2017, kwa mpango wa mwekezaji, Mohamed Dewji, kuchukua asilimia 49 kwa Sh. bilioni 20 na wanachama kubaki na asilimia 51. Kwa hesabu ya kawaida, bilioni 20 kwa asilimia 49 maana yake ni kwamba klabu nzima ilithaminiwa kwa karibu Sh. bilioni 40.8. Je, bei hiyo ilikuwa kubwa au ndogo? Viongozi wa zamani walioulizwa walikuwa na maoni, na baadhi yao walikuwa wahusika katika mvutano wenyewe. Mwekezaji mdogo ambaye siku moja ataombwa anunue hisa ya klabu yake atahitaji hesabu zilizokaguliwa mbele yake. Kumbukumbu za kiongozi wa zamani zinaweza kumsaidia kuzisoma hesabu hizo, ila haziwezi kuchukua nafasi yake.

Wenzetu wa Uingereza

Nchini Uingereza jambo hili limefika mbali zaidi. Simon Jordan alinunua Crystal Palace mwaka 2000, akaipandisha Ligi Kuu mwaka 2004, ikashuka mwaka uliofuata, na Januari 2010 klabu ikawekwa chini ya msimamizi kwa kushindwa kulipa madeni. Leo ni mmoja wa wachambuzi wanaosikilizwa sana kuhusu fedha za soka katika kituo cha talkSPORT. Wapo wanaouliza, mtu aliyepoteza klabu atamfundisha nani? Jibu la mfanyabiashara linaweza kuwa tofauti: aliyefilisika na akaeleza wazi alivyofilisika anaweza kuwa na mafunzo kuliko aliyefanikiwa kwa bahati. Tofauti yake ni kwamba historia yake inajulikana, hesabu zilikwisha chambuliwa hadharani, na msikilizaji anajua anamsikiliza nani.

Katika kipindi cha Jordan huyohuyo, Agosti 2023, mwamuzi mstaafu Mike Dean alieleza kwamba katika mechi ya Chelsea na Tottenham ya mwaka 2022, akiwa mwamuzi wa video, hakumwita mwamuzi wa kati kwenda kuangalia tukio la mchezaji kuvutwa nywele, kwa kuwa hakutaka kumwongezea rafiki yake matatizo. Kwa mtu mwenye fedha, maelezo ya aina hii yana faida kuliko utabiri wa mechi mia. Yanaonyesha uamuzi unavyofanyika ndani. Angalia pia ni lini yalisemwa: baada ya mtu kustaafu, na katika jambo lisilompa faida yoyote.

Hesabu ya mkeka

Turudi kwa kijana wa Makongolosi mwenye mkeka mkononi. Anasema mchambuzi wake ni mkali kwa sababu "bingwa alimtaja mapema". Tuangalie. Tangu Mtibwa Sugar ilipochukua ubingwa mwaka 1999 na 2000, ni Azam FC pekee, msimu wa 2013/14, iliyoupata nje ya Simba na Yanga. Simba iliuchukua mfululizo kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, na Yanga kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Anayetaja mojawapo ya timu hizo mbili hajaonyesha ujuzi wowote. Hata mtoto wa shule anaweza.

Sasa angalia bei. Tuchukue mfano wa kubuni: kampuni inatoa odi ya 1.80 kwa mwenyeji, 3.40 kwa sare na 4.20 kwa mgeni. Gawanya 1 kwa kila odi, utapata 0.556, 0.294 na 0.238. Jumla yake ni 1.088. Kama kampuni isingejiwekea faida, jumla ingekuwa 1. Hiyo ziada ya 0.088 ndiyo sehemu ya mwenye duka. Maana yake, kwa bei hizo, katika kila Sh. 1,000 zinazowekwa, kampuni inatarajia kurudisha karibu Sh. 919, kabla ya kodi. Na ukiunganisha mechi nyingi katika mkeka mmoja, kipunguzo hicho hujirudia kwa kila mechi.

Ili neno la mchambuzi likuletee faida, si lazima tu liwe sahihi. Lazima liwe sahihi kuliko bei iliyokwisha wekwa, na kwa kiasi kinachozidi kipunguzo hicho. Wakati kiongozi wa zamani anasema kwenye televisheni kwamba timu fulani haijalipwa mishahara, wanaopanga odi nao wanamtazama. Habari iliyofika kwa watu wote haina tena faida ya kuuza.

Jinsi ya kulipima neno

Kwa msomaji anayetaka kutumia uchambuzi huu katika biashara yake, tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, uliza anazungumzia fungu gani: ofisi, uwanja au utabiri. Lipe uzito fungu la kwanza tu.

Pili, uliza alitoka ofisini lini. Aliyeondoka miaka 15 iliyopita, kabla ya mikataba mikubwa ya televisheni, anaijua klabu iliyoishi kwa viingilio vya mlangoni. Klabu ya leo huenda haijui.

Tatu, uliza nani anafaidika kauli hiyo ikiaminiwa. Kauli inayomgharimu msemaji ina uzito kuliko inayomnufaisha.

Nne, weka daftari. Andika kauli 20 za mchambuzi mmoja, pamoja na tarehe, kisha angalia ngapi zilitimia. Linganisha na kanuni rahisi, kama vile "mwenyeji atashinda". Kama hazidi kanuni hiyo, mtazame kwa burudani, usimfuate kwa fedha.

Tano, kabla ya kununua mzigo kwa ajili ya timu, tafuta mambo manne yasiyohitaji mchambuzi: mmiliki wa nafasi ya ligi ni nani, uwanja wa nyumbani ni upi, mdhamini ana mkataba hadi lini, na mtaji wako utabaki kiasi gani timu ikishuka au ikihama.

Kwa upande wa vituo vya televisheni, dawa si ngumu. Mtangazaji anapomtambulisha mgeni wake, aseme pia aliiongoza klabu gani na mwaka gani, kama anaidai, na kama anasimamia wachezaji. Sentensi mbili zinatosha. Wachambuzi waaminifu hawatapoteza kitu, na mtazamaji atakuwa amepewa mizani.

Kwa sasa mizani hiyo haipo studio, hivyo kila mwenye mtaji aje na yake. Mwenye kibanda umiza hana haja ya kujua nani mkweli, kwani anauza viti, na viti hujaa mchambuzi akipatia au akikosea. Mwenye jezi ghalani na mwenye mkeka mkononi hawana nafasi hiyo. Wao ndio watakaolipa neno likiwa la uongo.